Uyoga wa Rangi: Utazame, Usiule



Ukipita kwenye msitu wa Yoko, barabara ya kutoka Kisangani kwenda Ubundu, mvua ikishanyesha, tazama chini. Juu ya majani makavu utaona uyoga mdogo sana. Mwingine mwekundu, mwingine wa rangi ya machungwa, mwingine wa zambarau. Wataalamu huita kundi hili Marasmius.

Utautambuaje? Shika alama tatu.

Ya kwanza, shina. Ni jembamba kama unywele, gumu kidogo, mara nyingi jeusi au la kahawia.

Ya pili, kofia. Mara nyingi ni ndogo, na ina mikunjo kama mwavuli.

Ya tatu, maji. Jua likiwaka, uyoga huu hujikunja na kukauka. Mvua ikirudi, hufunguka tena. Uyoga mwingine mwingi ungeoza.

Basi: shina, kofia, maji.

Uyoga huu huozesha majani yaliyoanguka, yakawa mbolea ya msitu. Tuuache ufanye kazi yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Rangi haikuambii kama uyoga unaliwa. Narudia: rangi haikuambii kama uyoga unaliwa. Hata alama hizi tatu si ruhusa ya kula. Usioujua, usiuweke chunguni. Wafundisheni watoto watazame tu, wasionje.

Mtu akila uyoga na kuanza kutapika au kuharisha, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Bebeni na uyoga uliobaki, mganga auone.

Uyoga usioujua, usiule!