Ufundi wa Kuuliza Mahakamani



Wengi wetu hudhani kwamba wakili hodari ni mwenye sauti kubwa. Sivyo. Katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli, wazee wawili walimsingizia Susana uzinzi, naye akahukumiwa kufa. Danieli aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja aliwaona chini ya mti gani. Kila mmoja akataja mti wake, na shtaka likaanguka.

Mawakili hujifunza ufundi huo hata leo. Shahidi huhojiwa mara tatu. Kwanza, upande uliomwita humwongoza aeleze aliyoyajua mwenyewe. Hapo maswali elekezi, yaani yenye jibu ndani yake, kwa kawaida hayaruhusiwi. Kisha upande wa pili humwuliza maswali ya dodoso, na hapo maswali elekezi huruhusiwa. Mwishowe waliomwita hupata nafasi ya kusawazisha.

Tukae kwenye dodoso. Wakili ajuaye kazi huuliza kwa ufupi, jambo moja kwa swali moja: Ilikuwa usiku? Taa haikuwapo? Ulikuwa umbali gani? Hagombani na shahidi, wala haulizi ovyo “kwa nini”, kwa maana hapo humpa shahidi mwanya wa kutengeneza maneno yake. Akipata jibu alilohitaji, huketi. (Sisi mapadre tungejifunza hilo kwa ajili ya mahubiri.)

Lipo jambo zito zaidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema mara nyingi kwamba asiyemhoji shahidi juu ya jambo la msingi huhesabiwa kuwa amelikubali. Fikirini basi kijana asiye na wakili, aliyeshtakiwa wizi wa ng’ombe. Shahidi anasema alimwona zizini. Hakimu anauliza, “Una swali kwa shahidi?” Kijana, kwa woga, anajibu, “Sina, mheshimiwa,” akingoja zamu ya kujitetea. Zamu inapofika, utetezi wake waonekana umebuniwa baadaye.

Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani badala ya wakili. Lakini aweza kuketi na mshtakiwa kabla ya siku ile, hata mahabusu, wakapitia maelezo ya mashahidi, wakaandika kila jambo analolikana, na kwa kila jambo swali moja fupi. Kisha amfanyishe mazoezi ya kuuliza kwa sauti, akiwa amesimama.