Kahawa Ingali Ua: Akili Mnemba Mbele ya Watu wa Karagwe na Kyerwa



Tangu tarehe 30 Novemba 2022, siku ambayo kampuni ya OpenAI ya Marekani iliufungulia umma programu yake ya ChatGPT, zimekuwa zikitufikia habari za namna mbili juu ya akili mnemba itungayo maneno, sura na sauti kwa kuamriwa, nazo zote mbili hutolewa kwa yakini iliyo kubwa kuliko ushahidi wake: ya kwanza ni bishara, kwamba mashine hii itamfundisha mtoto asiye na mwalimu, itamtibu mgonjwa asiye na tabibu na kumtajirisha mkulima asiye na mtaji, ya pili ni indhari, kwamba itamnyang'anya kila mtu kazi yake na mwisho imtawale mwanadamu aliyeiunda. Aghalabu wanaozitangaza zote mbili ni wale wale wenye mashine, ambao sifa huwaletea wanunuzi na hofu huwaongezea haiba. Mimi nimekuja Kayanga na swali lililo jepesi kulisema na zito kulijibu: katika biashara hii, nani anatoa, nani anapokea, na mizani imeshikwa na nani?

Insafu yatutaka tuanze na manufaa, wala si haba. Katibu wa chama cha msingi anayetakiwa kuiandikia benki barua kwa Kiingereza, lugha ambayo labda hajaitumia tangu alipotoka shule, sasa aweza kuieleza haja yake kwa Kiswahili na kupata barua iliyonyooka; mwalimu mwenye darasa lililofurika hupata kwa saa moja mazoezi ya hisabati ambayo yangemla usiku mzima. Hata kabla ya mashine hizi zitungazo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walikwisha kutengeneza programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo hulitazama jani la muhogo na kusema kwa Kiswahili kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, tena pasipo intaneti. Naitaja Nuru kwa makusudi, maana fadhila yake imo katika udogo wake: hujibu swali ililofundishwa kulijibu kwa picha za mashamba, wala haidai kujua mengine.

Mashine itungayo maneno haina mpaka wa namna hiyo. Kazi yake ni kukisia neno lielekealo kulifuata neno lililotangulia, kwa kadiri ya maandishi mengi mno iliyolishwa, na kwa hiyo husema kweli na uongo kwa ufasaha ule ule. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mbele ya jaji hukumu za kesi zisizopata kuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT. Nao walikuwa watu wa sheria, wenye vitabu vya kuhakikishia. Seuze mkulima wa Nkwenda au Nyaishozi aliyeamka na kuona majani ya migomba yake yamegeuka manjano, na ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza kwa ndani! Mnyauko wa migomba hauna dawa ya kunyunyizia. Tiba yake ni kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha kisu motoni kabla ya kugusa shina jingine, na kuondoa mgomba ulioambukizwa. Mashine ikimtajia mkulima huyo jina la dawa lenye kupendeza, atapoteza fedha kwanza na kibanja chake cha migomba baadaye, wala hatakuwa na wa kumwendea. Afisa ugani akikosea, kwake twapajua. Na redio ya jamii ya FADECO iliyo hapa hapa Kayanga ikikosea, msikilizaji hupiga simu.

Liko jambo jingine, nalo latugusa sisi zaidi kuliko wengi. Mashine hujifunza kwa yaliyoandikwa, na mengi yaliyoandikwa juu ya Karagwe ya kale yalitoka katika kalamu za wapita njia wa Kizungu: Speke, aliyepokewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley, aliyefika mwaka 1876, waliandika walichokiona pamoja na walichokidhani, kikachapishwa Ulaya, kikabaki. Mwanahistoria Israel Katoke alitutolea kitabu juu ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975. Profesa Josephat Rugemalira, alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitupa msamiati wa lugha yetu ya Kinyambo mwaka 2002 na sarufi yake mwaka 2005. Hiyo ni hidaya ambayo wilaya hizi hazijaishukuru inavyostahili. Lakini yaliyosimuliwa kwa enanga, zeze letu la kale, na hukumu za wazee barazani, na majina ya ndizi na ya udongo, kwa sehemu kubwa hayajaandikwa popote. Basi kijana akiiuliza mashine babu zake walikuwa watu gani, huelekea kujibiwa kwa macho ya wageni, naye hataambiwa kwamba ni macho ya wageni.

Gharama nazo zipo, ila zimewekwa mbali na anayefurahia. Jarida la TIME la Marekani lilifichua Januari 2023 kwamba, ili ChatGPT isiseme machafu, OpenAI iliwatumia vijana wa Nairobi kupitia kampuni ya Sama, wasome na kuainisha maelezo ya ukatili, ya kujiua, na ya kunajisiwa kwa watoto, kwa ujira usiozidi dola 2 kwa saa. Na baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowajeruhi nafsi. Umeme nao: Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data duniani vilitumia takribani terawati-saa 415 mwaka 2024, na kituo kimoja kikubwa cha akili mnemba huhitaji megawati 100 na kuzidi, ilhali mitambo ya Rusumo katika mto wetu wa Kagera huzalisha megawati 80, nazo zagawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Na ndani ya mashine zote hizo limo bati, maana matumizi makubwa ya bati duniani ni lehemu ya kuunganishia vifaa vya elektroniki. Wachimbaji wadogo wa Kyerwa, wanaolitoa bati ardhini kwa sururu na beleshi, wamo katika kazi hii ya akili mnemba kwa jasho lao, na katika bishara zake sijapata kusikia wakitajwa.

Mfano wa mambo haya hatuna haja ya kuuazima mbali. Sote twaijua butura: ada ya shule imewadia, au mgonjwa yuko hospitali ya Nyakahanga, na kahawa ingali ua mtini, mwenye fedha huja, huukadiria mti kwa jicho, hulipa sehemu ndogo ya thamani, na msimu ukifika huchuma yeye. Serikali imeikataza, ushirika umeilaani, nayo ingalipo, kwa sababu haja ya mtu haingoji msimu. Yanayotendeka katika akili mnemba ni butura ya maarifa. Maandishi, picha na sauti za watu zimekusanywa kabla wenyewe hawajajua bei yake, aghalabu pasipo kuulizwa. Kesho watakuja watu kurekodi Kinyambo cha wazee wa Bweranyange na Kaisho kwa soda na nauli, na keshokutwa watatuuzia huduma iliyotengenezwa kwayo, kwa bei waipangayo wao.

Iko na butura ya pili, nayo ndiyo inayonikosesha raha. Mwanafunzi ambaye insha yake imetungwa na mashine hupata alama leo, na anachokitoa kama malipo ni uwezo wa kupanga hoja ambao ulikuwa haujakomaa ndani yake. Simlaumu, twamfundisha kwa lugha isiyomkaa ulimini, twampa mtihani unaopima kumbukumbu, kisha twashangaa akitafuta njia fupi. Lakini watoto wa wenye nacho watapata mashine pamoja na mwalimu wa kuwasahihisha, na wetu wataletewa mashine badala ya mwalimu; hilo nalikataa kwa dhati ya moyo wangu, na sitalikubali hata likija limevikwa jina la maendeleo.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba chombo kitumike pale kinapopunguza taabu na pana mtu wa kukihakiki, na tusikipe chochote cha kwetu pasipo mapatano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humlinda mtu mmoja mmoja, lakini lugha si taarifa ya mtu mmoja, na ulinzi wake hauna budi kutoka kwetu. Wakulima wa mkoa huu walipochoka na mizani ya wanunuzi waliungana, wakapata chama kikuu cha ushirika cha BNCU mwaka 1950, na Karagwe ikapata chake, KDCU, mwaka 1990. Vyama vya ushirika nchini vimekuwa na dosari zake, nazo hazifichiki, hata hivyo njia ni ile ile ya kuungana.

Nawaomba viongozi wa vyama vya msingi, wazee na walimu wa Karagwe na Kyerwa mkutane kabla ya msimu ujao wa kahawa, mwandike kwa Kiswahili masharti ambayo yeyote atakaye sauti, maandishi au hesabu za mashamba yetu kwa ajili ya mashine atayatilia sahihi kwanza: anachukua nini, analipa nini, na nakala gani inabaki hapa. Nanyi wanafunzi, msingoje mkutano huo. Anzeni likizo hii kuandika Kinyambo cha bibi na babu zenu kwa idhini yao, na kila daftari likijaa, lipelekeni kwa mwalimu wenu alihifadhi shuleni.