KABLA YA KUZIBA UFA, UJUE ULIPO

Mazungumzo na wanakisomo juu ya bafu linalovuja



Leo tuzungumze juu ya bafu la marumaru linalovuja. Najua wengine watasema, "Aa, mambo ya marumaru ni ya watu wa mjini." Si hivyo. Tembeeni Kahama, Geita na Katoro mkaone. Mtu akipata fedha ya dhahabu, pamba au mpunga, hujenga nyumba, na ndani huweka bafu la marumaru na bomba la mvua. Ni maendeleo. Lakini bafu hilo likivuja, huila nyumba polepole.

Maji yenyewe hutoka mbali. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Maji hayo husukumwa kwa mitambo na kusafishwa, ndipo yafike bombani. Yakipita kwenye dira yako, utayalipia, hata kama yamepotelea ardhini.

Haya, tupige hesabu. Bomba linavuja lita 1 kila dakika 10. Kwa saa ni lita 6. Kwa siku ni lita 144. Kwa siku 30 ni lita 4,320, yaani ndoo 216 za lita 20. Uniti moja ni lita 1,000. Basi umelipia uniti 4 na zaidi, na hukuoga wala hukupika kwa maji hayo.

Hasara ya pili ni nyumba. Tofali bichi likinywa maji hulainika, na ukuta huweza kuanguka. Penye udongo wa mbuga ni vibaya zaidi. Udongo ule huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Sakafu hupata nyufa, na mabomba hukatika.

Hasara ya tatu ni ugomvi. Mwenye nyumba husema mpangaji anamwaga maji ovyo. Mpangaji husema nyumba ni mbovu. Fundi naye akiitwa, pengine neno lake la kwanza ni hili: "Tubomoe marumaru zote." Je, mkubali? Hapana! Ngojeni kwanza. Chukueni daftari na kalamu, mpime.

Jambo la kwanza: someni dira. Fungeni mabomba yote, na koki ya choo pia. Andikeni namba zote, nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni uniti; nyekundu, katika dira nyingi, ni sehemu ya uniti. Mtu asitumie maji kwa saa moja, kisha someni tena. Namba zikisogea, bomba linaloleta maji linavuja. Kama nyumba hutumia maji ya tangi, zuieni maji yanayoingia, mweke alama ya kimo cha maji ndani ya tangi.

Jambo la pili: fungueni bomba la mvua, maji yote yaingie kwenye ndoo, sakafu isilowe. Unyevu ukitokea nyuma ya ukuta, kosa liko kwenye bomba lililomo ukutani, kati ya koki na kichwa cha bomba la mvua.

Jambo la tatu: mimineni ndoo ya maji polepole kwa mpira, moja kwa moja ndani ya tundu la kutolea maji. Unyevu ukionekana, bomba la maji machafu ndilo bovu.

Jambo la nne: zibeni tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wekeni maji kidogo sakafuni, yasivuke kizingiti, mngoje saa moja. Unyevu ukitokea, sakafu inapitisha. Usipotokea, ondoeni maji, kisha nyunyizieni marumaru za ukutani, mkianzia chini kwenda juu.

Kati ya kipimo na kipimo, acheni pakauke kabisa. Mkiharakisha, hamtajua maji ni ya kipimo kipi.

Sasa matengenezo. Watu wengi hudhani marumaru huzuia maji. Kweli, marumaru yenyewe ni ngumu, lakini maji hupenya kwenye viungo vyake. Kama kosa ni viungo tu, kwangueni saruji nyeupe ya zamani, safisheni, acheni pakauke, mjaze mpya. Kwenye pembe, sakafu inapokutana na ukuta, tumieni silikoni, kwa sababu saruji hupasuka hapo. Msioge humo mpaka siku ya pili.

Gongeni marumaru kwa sarafu. Ikilia kama debe tupu, chini yake pana uwazi. Ing'oeni hiyo, ipandikwe upya.

Lakini kama ufa unarudi kila mara, au sakafu nzima inapitisha, hapo fundi ana haki ya kubomoa. Mwambieni apake dawa ya kuzuia maji juu ya saruji na kupanda kidogo ukutani. Kisha ajaze maji siku nzima kabla ya kupanga marumaru. Mkisubiri marumaru zipangwe ndipo mpime, mtalipa mara mbili.

Angalizo kubwa: kama ukuta uliolowa una swichi au soketi ya umeme, msiuguse. Zimeni swichi kuu, mwiteni fundi umeme.

Ndugu zangu, mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza katika kanda hii ya Ziwa mwaka 1968. Shabaha yake ilikuwa kusoma kumsaidie mtu katika kazi na maisha yake. Kusoma dira ni kisomo hichohicho. Mwenye nyumba na mpangaji wakiandika namba pamoja, na kila mmoja akaziona, hapana tena sababu ya kutukanana. Na fundi akikuta daftari lenye vipimo vinne, atajua anazungumza na watu wanaojua wanachotaka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuongeze: kwanza uutafute.