Si Kususa: Maradhi ya Ulaji kwa Vijana Wetu

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, London



Kamati imeniomba nizungumze juu ya afya ya vijana. Juu ya sukari na presha mmekwishasikia mengi, na maradhi hayo tunayataja bila ya haya. Leo nimechagua maradhi ambayo majumbani mwetu hayatajwi, kwa sababu tumeyapa majina mengine. Msichana asiyekula tunasema amesusa. Kijana anayejifungia chooni kila baada ya chakula tunasema ana tumbo bovu. Na daktari akiyataja kwa jina lake, tunasema hayo ni mambo ya Kizungu. Kusudi langu ni kuwaeleza kwamba hayo si kususa, si kiburi, wala si Uzungu. Ni maradhi, yanaua, yanatibika, na sehemu kubwa ya dawa yake imo humu humu katika ukoo.

Madaktari hutaja aina tatu kubwa. Ya kwanza ni anoreksia: mgonjwa hujinyima chakula mpaka mwili ukadhoofu, na juu ya kukonda kwake huogopa kunenepa. Ya pili ni bulimia: hula chakula kingi kwa siri, kisha hujitapisha, au humeza dawa za kuharisha, au hufanya mazoezi kupita kiasi. Huyu mara nyingi ana mwili wa kawaida, ndiyo maana jamaa hawamgundui. Ya tatu ni kula kwa wingi bila ya kuweza kujizuia, na baadaye kujichukia. Wavulana nao huugua, ila wao hushukiwa kwa nadra zaidi.

Maradhi haya yana historia katika mji huu tuliokusanyika. Mwaka 1873 daktari William Gull, wa hospitali ya Guy's, aliyaeleza mbele ya madaktari wenzake wa London, na ndiye aliyeyapa jina la anoreksia nevosa. Mwaka 1979 Profesa Gerald Russell, naye wa London, akaieleza bulimia na kuipa jina lake. Wengi wetu tulilisikia neno hilo mwaka 1995, pale marehemu Princess Diana alipoliambia taifa katika televisheni kwamba aliugua kwa miaka. Tukasema: maradhi ya watu wa majumba ya kifalme. Tulikosea kudhani kwamba hayabishi hodi kwetu.

Ndugu zangu, chanzo chake si kimoja. Kipo cha urithi: mwaka 2019 uchunguzi wa kimataifa uliolinganisha watu karibu 17,000 wenye anoreksia na wengine zaidi ya 55,000 wasiokuwa nayo uligundua sehemu 8 za urithi zinazohusika. Ipo tabia ya mtu: mara nyingi mgonjwa ni yule mtoto tunayemsifu, mwenye bidii, mpole, asiyetaka kukosea hata kidogo. Kipo kipindi cha balehe, mitihani, kufiwa, kuhama nchi na kuonewa skuli. Na zipo picha.

Juu ya picha, visiwa vya Fiji vina somo kwetu. Kule, kama pwani yetu, mwili uliojaa ulikuwa sifa, na kumshikilia mgeni ale zaidi ni adabu. Televisheni ilifika katika jimbo moja mwaka 1995. Watafiti waliowauliza wasichana wa skuli mwaka huo hawakumpata hata mmoja anayejitapisha ili akonde. Walipouliza tena mwaka 1998, walikuwa asilimia 11.3. Tanzania nako, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 wa wasichana na wanawake vijana 214 ulionyesha kwamba maradhi haya bado ni machache, lakini yapo. Basi tusiseme damu yetu haiyajui. Na leo picha hazingoji sebuleni; zimo katika simu, chini ya mto wa mtoto.

Lakini mtoto wetu wa London ana mzigo ambao mwenzake hana. Anasimama baina ya vioo viwili. Skuli anaambiwa mwembamba ndiye mzuri. Akija kwenye harusi ya ukoo, shangazi humpokea kwa kusema, "Mbona umekonda hivi, watu watasema hatukulishi!" Mwaka unaofuata shangazi huyo huyo humwambia, "Umenenepa, nani atakuoa?" Kwetu hayo ni maamkizi na mapenzi. Kwa mtoto aliyekwisha kuanza kuugua, ni hukumu. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa.

Madhara yake ni makubwa. Moyo hupiga polepole, na kwa mwenye kutapika chumvi za damu huvurugika hadi moyo unaweza kusimama ghafla. Mifupa hupungua nguvu katika umri ambao ilipaswa kujengeka. Hedhi hukatika. Tindikali ya tumbo hula meno. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi. Na njaa yenyewe huitia akili ugonjwa. Mwaka 1944 na 1945, katika jimbo la Minnesota, Marekani, vijana 36 wa kiume wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi, walijitenga na wenzao, wakawa wakali na wenye huzuni. Kwa hivyo mtoto mwenye njaa kali akikujibu vibaya, jua kwamba njaa nayo inasema kwa kinywa chake.

Sasa nifike kwenye tiba. Gull aliamini kwamba jamaa na marafiki ndio wauguzi wabaya kuliko wote, akashauri mgonjwa atengwe nao. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika hospitali ya Maudsley, kusini mwa mji huu huu, madaktari walijaribu kinyume chake: wakaiita familia nzima. Mwaka 1987 walichapisha matokeo: kwa waliougua kabla ya miaka 19, na ugonjwa haujakaa sana, matibabu pamoja na familia yalishinda ya mgonjwa peke yake. Wazazi hushika uongozi wa chakula, hukaa na mtoto kila mlo, hawamlaumu, na kidogo kidogo humrudishia uhuru wake. Ndugu zangu, kukaa na mtu mezani ndiko tunakokujua kuliko watu wengi!

Kwa hivyo naomba ukoo ukubaliane juu ya mambo manne.

Kwanza, tuache kuamkiana kwa miili. Tumuulize mtoto habari zake, si uzito wake.

Pili, tuangalie. Sinia huficha: wanapokula wengi, hakuna ajuaye nani hakula. Ramadhani nayo inaweza kuwa pazia. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Tusimwone aibu anayeitumia.

Tatu, tusichelewe. Dua na kisomo tusiache, lakini visiwe badala ya daktari. Twende kwa daktari wetu wa mtaa. England imeweka kiwango cha watoto na vijana kuanza matibabu ndani ya wiki 4, na ndani ya wiki 1 kwa hali ya haraka. Akizimia au akiumwa na kifua, apelekwe hospitali saa ile ile. Jumuiya ya hisani ya Beat husaidia wagonjwa na wazazi pia.

Nne, tuondoe aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama mwenye mtoto mgonjwa asisikie minong'ono kwamba hajui kulea, asikie mlango ukigongwa na mtu akisema, "Nimekuja kukaa nanyi chakula cha usiku."

Na nyinyi vijana: ukiwa na siri hii, mchague mmoja katika ukumbi huu umwambie. Hutatukanwa. Wazee wamesikia, na mimi nawashuhudilia.