TUUZE KILO, TUSIUZE MBAVU

(Hotuba ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanaushirika juu ya ranchi yetu. Imeandikwa hapa ili na wasiofika mkutanoni wasome.)



Leo nina jambo moja tu. Madume ya ranchi yetu yauzwe yakiwa yamenona, kabla kiangazi hakijayala. Nitasema habari za josho, ngitili na mnada, lakini zote zinarudi kwenye jambo hilo moja.

Hapa kwetu Shinyanga mvua inaanza Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ng'ombe ananona mpaka Juni. Baada ya hapo nyasi zinakauka, nguvu inazitoka, na ng'ombe anaanza kula mwili wake mwenyewe. Sasa tupige hesabu. Tuchukue dume mwenye kilo 250 mwezi wa Juni. Akifika Oktoba ana kilo 200. Kilo 50 zimekwenda wapi? Tukisema kilo moja ni shilingi 4,000, huu ni mfano tu, basi shilingi 200,000 zimepotea kwa dume mmoja. Kwa madume kumi ni shilingi milioni mbili. Hakuna mwizi aliyeingia zizini, ndugu zangu. Jua limekula.

Tena mwezi wa Oktoba kila mwenye njaa anapeleka ng'ombe mnadani. Ng'ombe wamejaa, wamekonda, na mnunuzi anachagua atakavyo. Hapo hatuuzi, tunabembeleza.

Liko na jambo lingine. Dume wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kwa siku 120 za kiangazi ni zaidi ya kilo 700. Majani hayo yangemlisha jike mwenye mimba, au ndama. Kwa hiyo dume tusiyemuuza Juni anakonda yeye, na anawakondesha wenzake.

Juu ya bei. Dalali anamtazama ng'ombe, anamshika nundu, anataja bei. Simlaumu, anatafuta riziki yake. Lakini macho yake si mizani. Kabla ya kwenda mnadani tupime wenyewe kwa futikamba. Zungusha kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, upate sentimita. Kisha pima urefu toka kwenye bega mpaka mwisho wa tako. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,800. Kifua kikiwa 150 na urefu 120, jibu ni kilo 250. Haya ni makisio tu, mizani ndiyo ya mwisho. Lakini ukijua makisio, huwezi kuambiwa dume wako ni kilo 180 ukanyamaza. Sisi tuliosoma kisomo cha watu wazima tunaiweza hesabu hii. Asiyeiweza aje, tutafanya pamoja mpaka aiweze.

Sasa afya. Ng'ombe mwenye kupe hanoni, hata umpeleke kwenye majani ya namna gani. Na kupe ndio wanaoleta ndigana kali. Tezi zinavimba chini ya sikio na mbele ya bega, ng'ombe anakuwa na homa, anahema kwa shida, anakufa. Ndama ndio wanaokwisha zaidi. Dawa yake ya kwanza ni josho. Masika tuogeshe kila wiki, kiangazi kila wiki mbili. Na dawa ya josho ipimwe kama ilivyoandikwa kwenye chombo. Kuipunguza ili itoshe siku nyingi ni kuwafundisha kupe kuizoea.

Wako wanaosema, "Mimi ng'ombe wangu naogesha nyumbani, josho la ushirika halinihusu." Linakuhusu, ndugu. Kupe hajui mpaka wa boma lako na langu. Wazee mnaijua habari ya sotoka. Miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na watu wakafa njaa. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kuwa sotoka imekwisha duniani. Ilikwisha kwa chanjo, na kwa kufuatwa mpaka kwenye kundi la mwisho. Ingebaki kwa kundi moja lililofichwa, ingerudi kwetu sote.

Chanjo za chambavu na kimeta nazo tusizikose kila mwaka. Na ng'ombe akifa ghafla, damu ikamtoka puani au nyuma na haigandi, msimchune, msimpasue, msile nyama. Mwiteni bwana mifugo. Kimeta kinaua na mtu. Vile vile ng'ombe aliyechomwa sindano asiuzwe wala kuchinjwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Juu ya malisho. Ngitili si jambo la kuletewa. Wazee wetu walifunga majani tangu zamani, na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulilifufua jambo hilo mkoani kwetu. Tunajua kazi yake: majani yafungwe mvua zinapoanza, yafunguliwe kiangazi, kipande kimoja kimoja. Lakini ngitili ya ranchi inaingiliwa usiku. Mchungaji ni mtoto, aliyemtuma ni mtu mzima. Majani yanayoibwa Februari ndiyo ndama wanayokosa Septemba.

Najua wazee watasema, ng'ombe ni akiba, na wingi ni heshima. Ni kweli. Lakini akiba inayopungua kilo 50 kila kiangazi ni akiba gani? Ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliangusha ng'ombe wengi mno kule Simanjiro. Aliyekuwa ameuza sehemu ya kundi alibaki na fedha ya kulisha waliobaki. Sisemi tumalize ng'ombe. Majike mazuri tubaki nayo. Nasema madume yaliyokomaa yasingoje jua.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu, mkutano uyapigie kura.

1. Madume ya ranchi yaliyokomaa yauzwe Mei na Juni, baada ya kupimwa na kuandikwa kwenye daftari mbele ya wanachama.

2. Sehemu ya fedha ya mauzo inunue dawa ya josho ya mwaka mzima kabla ya matumizi mengine yoyote.

3. Atakayeingiza ng'ombe kwenye ngitili atozwe faini, awe mjumbe, awe mwenyekiti, awe mimi Katibu.

Daftari litakaa hapa ofisini. Kila mwanachama ana haki ya kulifungua na kulisoma.

Ushirika ni nguvu.