PIKIPIKI ZA KIJAPANI ZA UJANA WETU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya ile pikipiki iliyo ghalani, kabla hamjapiga kura kama iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ama itengenezwe. Wengi mwaijua. Ni Yamaha DT 125, na ndiyo iliyompeleka katibu wa tawi kwenye magenge ya njia siku zile ambapo simu za mkononi hazikuwako. Sisi tulio katika miaka ya thelathini tuliiona tukiwa watoto wa nyumba za reli, na tukiitazama sasa, matairi yamekauka na kuku wametaga juu ya kiti, twaona uchungu.

Miaka ya 1990, tulipokuwa shule ya misheni, tulizijua pikipiki kwa sauti kabla ya kuziona. Honda ya Padre ilikuja polepole, du-du-du, kama mtu mzima asiye na haraka. Yamaha AG 100 ya Bwana Mifugo ililia kama nyuki aliyefungiwa katika debe. Ya Bwana Shamba ilikuwa Suzuki, nayo ilitoa moshi wa buluu uliobaki njiani hata baada ya mwenyewe kupita, na sisi tulikimbia ndani ya moshi ule tuunuse. Mwalimu akiwa ubaoni, sisi huku nyuma tulikuwa tukishindania gololi: ni Honda au ni Yamaha? Hesabu nyingi zilipotea hivyo.

Moshi ule ulikuwa na sababu yake. Injini za namna ile hazina valvu kama hizi za leo. Petroli huingia pamoja na oili, na vyote viwili huungua. Yamaha walileta pampu ya kupeleka oili yenyewe mwaka 1964, lakini huku kwetu pampu ikiharibika fundi aliing'oa, akachanganya oili ndani ya tangi kwa kukadiria kwa jicho. Akizidisha, plagi huchafuka. Akipunguza, pistoni hukwama. Na bomba la moshi likiziba masizi, lilifunguliwa likachomwa kwa moto mpaka liwe jekundu, watoto wote wakitazama. Kwetu hiyo ilikuwa sikukuu.

Nazo zilitoka wapi? Jambo hili lafaa mafundi walisikie. Honda, Yamaha na Suzuki, zote tatu zina asili yake katika mji mmoja wa Japani, Hamamatsu, au karibu yake. Mzee Suzuki alianza mwaka 1909 kwa kutengeneza mitambo ya kufumia nguo. Mzee Yamaha mwaka 1887 aliitwa kutengeneza kinanda cha shule ya msingi kilichoharibika, na kutoka hapo akaanza kuunda vinanda vyake. Ndiyo maana alama ya Yamaha mpaka leo ni zile chuma tatu za kupimia sauti. Pikipiki zao zilikuja baadaye sana, mwaka 1955. Naye Soichiro Honda, baada ya vita, mwaka 1946, alichukua injini ndogo zilizokuwa za redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli, kwa kuwa watu walikuwa hawana usafiri. Kawasaki wao ni ndugu zetu kwa kazi: hutengeneza meli, na pia mabehewa ya treni.

Basi Mzee Yamaha na Honda walianza kwa kutengeneza kitu kilichoharibika au kilichotupwa. Twaomba mlikumbuke hilo mtakapoinua mikono.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, tusidanganyane. Pikipiki za ujana wetu hazikuwa zetu. Zilikuwa za Padre, za Serikali, za miradi yenye wafadhili. Baba zetu waliofungua na kufunga injini za treni katika karakana walikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na mtu wa genge aliyevunjika mguu huko njiani alichukuliwa kwa toroli. Wazee husema siku zile vitu vilikuwa imara. Ni kweli, lakini imara kwa nani? Pikipiki iliyo moja kwa wilaya nzima, yenye dereva mmoja na fundi wa Serikali, kwa nini isidumu?

Leo mambo ni mengine. Mwaka 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni binafsi, wengi wa baba zetu walipunguzwa kazini. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na baadhi ya wazee wale, au watoto wao, wakanunua za Kihindi na za Kichina, wakaingia kazi ya boda boda. Watu huzicheka kwamba ni bati tupu. Wasizicheke mno. Katika miaka ya 1970 Honda walituma mafundi wao katika nchi maskini waone kwa nini injini zao zafa mapema. Wakaona watu hawabadilishi oili, nao hawakulaumu mtu. Walirudi wakaunda CG 125, yenye injini nyepesi kutengenezwa na yenye kuvumilia kusahauliwa. Hiyo ndiyo injini ambayo nyingi za Kichina zimeiga. TVS waliwahi kuunda pikipiki pamoja na Suzuki, na Bajaj walijenga pikipiki pamoja na Kawasaki. Kijana wenu aliye stendi pale amekalia mjukuu wa pikipiki ya Padre.

Ila Padre alivaa helmeti kila siku, hata kwa safari ya kwenda dukani, na alikuwa na leseni.

Sasa shauri letu. Wako wanaosema fedha za mfuko wa rambirambi zisiguswe kwa ajili ya chuma kikuukuu. Wana haki, nasi twawaunga mkono; isitoke hata senti moja humo. Twaomba kazi na michango ya hiari tu. Tumefungua kichwa cha injini: silinda yaweza kuchimbwa mara moja tena, fremu ni nzima, gia zaingia zote. Ikipona, isiwe ya kumtembeza mtu mkubwa. Iwekwe karakanani kila Jumamosi, na vijana wetu wa boda boda waje wafundishwe juu yake: kabureta, plagi, klachi, kukaza cheni. Wengi wao wanalipia mkopo wa pikipiki, na kila siku inayolala kwa fundi wa barabarani ni siku ya deni bila mapato.

Daftari liko mezani kwa Katibu. Mwenye fedha aandike kiasi, mwenye kazi aandike siku. Pistoni tumekwisha kuiulizia Nairobi, nayo iliyopo ni ya saizi moja tu. Basi inunuliwe kwanza, ndipo silinda ichimbwe kuifuata.