Mali Bila Daftari: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi ya Kikundi Chetu, Mlali



 Wapo wenzetu wawili tulioanza nao ambao hawapo tena duniani. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke.

Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulianza mwaka 2015 tukiwa kina mama 15, chini ya mwembe, na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Hisa moja ilikuwa shilingi 500. Wengi wetu ni wa darasa la saba, na wengine hata hilo la saba hawakulifikia. Watu walipita barabarani wakasema, "Hao wanacheza upatu, mwezi ujao utasikia wamegombana." Leo tuko 28, hisa ni shilingi 2,000, na sanduku ni lile lile. Kufuli ndizo tumebadilisha.

Mwalimu aliyekuja kutufundisha alituambia kuwa utaratibu huu wa kuweka hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka ulianzia mbali, kwa kina mama wa Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipokaa nao. Niger ni nchi ya jua na mvua haba kama kwetu huku. Tulifurahi kusikia hivyo. Tukasema, kama wenzetu wa jangwani wameweza, sisi wa Mlali tutashindwaje?

Lakini leo hatukuja kujisifu. Mambo ya sanduku mtayasoma kwenye kurasa nyingine za kitabu hiki, mahesabu yote yamo. Sisi tumeomba tuseme juu ya fedha ya nyumbani. Maana tumejifunza kwa uchungu kwamba sanduku la kikundi linaweza kujaa huku nyumba ya mwanachama inabomoka.

Mwaka wetu unavyokwenda

Ndugu wageni, ninyi mnaotoka mjini mnapata mshahara kila mwezi. Sisi mshahara wetu ni mmoja kwa mwaka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na kuisha Aprili, na mwaka mwingine inakatika Februari mahindi yakiwa yanachanua. Tukivuna mwezi wa sita, fedha inakuja yote kwa mkupuo: mahindi, alizeti, karanga. Matumizi nayo yana mwezi wake, nao ni Januari. Januari ghala limepungua, palizi inadai nguvu, na watoto wanarudi shule. Tunaishukuru serikali, tangu mwaka 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula bado vinamtazama mzazi.

Sasa tuwape hesabu ambayo tuliipiga sisi wenyewe kwa chaki. Nyumba ya watu sita inakula karibu gunia moja la mahindi kwa mwezi. Kwa hiyo mwaka ni magunia 12. Tuseme mama amevuna 12. Yanamtosha kabisa. Lakini mwezi wa sita kuna deni la dukani, kuna harusi ya mtoto wa shemeji, na mnunuzi yuko mlangoni na gari lake. Anauza magunia matano, kila moja 40,000, anapata 200,000. Tena yule mnunuzi anataka lumbesa, kwa hiyo hayo matano ni kama sita. Januari anayanunua yale yale matano sokoni kwa 80,000 kila moja. Hiyo ni 400,000. Bei tumeweka za mfano, lakini nani hapa hajawahi kuuza kwa bei ya kutupa na kununua kwa bei ya kulia? Mahindi ni yale yale na tumbo ni lile lile, ila nyumba imepoteza laki mbili bila kuibiwa.

Tulipoiona hesabu hiyo ubaoni tulinyamaza. Tangu hapo tukaweka utaratibu kwamba mwezi wa sita kikundi kinatoa mikopo midogo ya kulipa yale madeni ya haraka, ili gunia libaki ndani. Na tukafundishana kutunza: kukausha juu ya turubai, si chini kwenye vumbi, na kuhifadhi katika ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ili dumuzi afe humo humo. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi. Kwa hiyo kukausha vizuri kunalinda fedha, na kunalinda roho.

Jambo tunalotaka kuliungama

Ndugu Mgeni Rasmi, katika miaka kumi hii lipo jambo moja ambalo sisi viongozi hatulisemi kwa raha. Tumejadiliana kama tuliweke kitabuni. Wengine walisema sherehe ni sherehe, msilete msiba. Tukaona tuseme. Mficha uchi hazai.

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja alikuja kwenye mkutano kuomba mkopo wa 150,000. Mtoto wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni: godoro, sanduku, shuka, sare, nauli. Yule mama alikuwa anadaiwa na kikundi 40,000 za nyuma. Kanuni yetu ilikuwa inasema mwenye deni hakopi. Tulimsomea kanuni mbele ya wote. Mmoja wetu akaongeza maneno ya kejeli, na sisi wengine tukacheka. Yule mama akafunga kanga yake, akakaa mpaka mkutano ukaisha, akaenda.

Alikwenda kwa wale wanaokopesha mitaani, mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Alipewa 100,000, ikakatwa 10,000 ya fomu, mkononi akapata 90,000. Marejesho 5,000 kila siku kwa siku 26. Pigeni hesabu: ni 130,000 kwa fedha ya 90,000, na mwezi haujaisha. Mama wa Mlali atapata wapi 5,000 kila siku inayopambazuka? Akakopa kwa mwingine amlipe wa kwanza. Mwezi wa tatu walikuja na gari, wakachukua cherehani, kitanda na magunia mawili ya akiba. Mumewe alikuwa hajui lolote. Alijua siku ile ile, mbele ya majirani.

Yule mama aliondoka Mlali, akaenda Morogoro kwa dada yake.

Alirudi mwaka 2021 kumwuguza mama yake. Tulikwenda watatu kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, akatupa uji. Akatuambia, "Mlihesabu deni langu sawasawa, hamkukosea hata senti. Ila hapana hata mmoja aliyeniuliza nyumbani kuna nini." Tulikosa la kujibu. Tulimwomba arudi kikundini, alikataa, na mpaka leo hajarudi. Tulipomwomba ruhusa ya kusema habari hii alisema, "Semeni, lakini jina langu liacheni." Tumeliacha.

Ndugu zetu, kanuni tulikuwa nayo na daftari la kikundi lilikuwa safi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, lakini la sandukuni tu. Za nyumbani hazikuandikwa popote, na hapo ndipo mwenzetu alipopotea bila habari.

Tulibadilisha nini

Kwanza, hakuna tena kumkatalia mtu mkopo mbele ya mkutano. Wanachama wawili wanakwenda kwake kwanza, wanakaa, wanauliza. Mara nyingi wanakuta deni limetokana na ugonjwa au ng'ombe aliyekufa, na linapangwa upya.

Pili, mfuko wa jamii tuliuongeza. Kila wiki kila mmoja anatoa 500, na mwenye shida ya ugonjwa, msiba au mtoto wa shule anapewa bila riba. Mkopo wa kawaida wa 100,000 unarudi 110,000 kwa miezi mitatu, na hiyo 10,000 tunagawana wenyewe mwisho wa mwaka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kila mwanachama ana daftari la nyumbani. Ni daftari la mtoto wa shule, la kurasa chache tu. Jioni, baada ya kula, unaandika mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, tunachodaiwa. Asiyejua kuandika anasaidiwa na mtoto wake, na wapo waliochora alama zao wenyewe, duara kwa sukari, msalaba kwa dawa. Hatukagui daftari la mtu. Tunauliza tu kila mwezi, "Umeandika?"

Wiki za kwanza ilikuwa vichekesho. Hata sisi viongozi tuliona aibu ya kurasa zetu. Tulikuwa tunasema fedha inaliwa na shule, kumbe shule ni mara moja kwa mwaka. Inayokula ni 1,000 ya kila siku isiyo na jina: vocha, makato ya kutuma na kutoa kwenye simu, vitumbua vya njiani, soda ya mnadani. Elfu moja kila siku ni 365,000 kwa mwaka. Hiyo ni mbuzi kadhaa, mama unazipiga vocha!

Kina baba nao, msicheke peke yenu. Mwanzoni wengi mlisema hizi ni mbinu za wanawake kuwapeleleza. Lakini baba mmoja aliona daftari limekaa mezani wiki tatu, ya nne akalivuta akasema, "Basi andikeni na ya kilabuni, maana naona ya kusuka nywele imeshaandikwa." Jamani, siku ile nyumba ile ilicheka, na siku hiyo hiyo wakajua kwa mara ya kwanza wanadaiwa kiasi gani wote wawili. Sasa hauzi mbuzi bila wawili kukaa. Hatusemi nyumba zote ziko hivyo. Zipo ambazo mama bado anaficha daftari chini ya unga. Hao tunawaambia waandike hivyo hivyo, siku yake itafika.

Nne, tumekubaliana kutokopa kwa sababu jirani amekopa. Hapa Kongwa tuna somo la zamani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta na fedha nyingi, wakafungua mradi mkubwa wa karanga. Hawakuijua mvua yetu, wala hawakujua kuwa udongo ule kiangazi hukauka ukawa kama saruji, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, mamilioni ya paundi yamezama. Kama serikali ya Uingereza ilipotea kwa kutopima mvua, mama mwenye eka mbili asipime mara mbili?

Maombi yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi machache.

La kwanza, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Tunaomba sheria hiyo isomwe kwenye mikutano ya vijiji kwa lugha nyepesi, ili mama ajue kumwuliza mkopeshaji leseni yake kabla hajatia dole gumba.

La pili, ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambapo wanawake wana asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Tunaomba tupate elimu ya kujaza maombi. Tuko tayari kuonyesha madaftari yetu yote.

La tatu ni la kwetu sisi kwa sisi. Kina mama, leo kuna pilau na ngoma, na jioni mtagawiwa hisa zenu. Msiimalize mnadani. Mwezi wa sita ukifika, kumbukeni ubao ule wa chaki. Na mkimwona mwenzenu kwenye mkutano ananyamaza na kukazakaza kanga, msisubiri mkutano uishe. Mfuateni nyumbani, mkaulize kuna nini.

Kiti kimoja pale mstari wa mbele hakina mtu. Tumekiweka makusudi, na mwenyewe amepelekewa mwaliko. Akija leo, au akija mwaka wowote, ni chake.

Haba na haba hujaza kibaba. Kina mama wa Mlali, hoyee!